Mali Bila Daftari: Historia ya Kuhesabu Samaki Kwenye Mpaka wa Busia

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mwenye duka asiyeandika anachouza na anachokopesha. Leo, mpenzi msomaji, nataka tuielekeze kwenye mali isiyoonekana kwa macho: samaki wa Ziwa Viktoria, hasa wale waishio kandokando ya visiwa vilivyo baina ya Kenya na Uganda katika eneo la Busia.

Wazo la makala haya lilizaliwa darasani. Tulikuwa tukijifunza msamiati wa sensa, na mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "ng'ombe huhesabiwa zizini, na watu huhesabiwa majumbani mwao. Samaki huhesabiwaje, ilhali hawana zizi wala nyumba, tena hawajui mpaka uko wapi?" Darasa liliangua kicheko, lakini swali lilibaki hewani. Ni swali la sayansi, ni swali la historia, na zaidi ya yote ni swali la uraia. Anayehesabu ni nani? Anahesabu nini? Na akishamaliza kuhesabu, anamwambia nani?

Mahali penyewe

Busia ni jina moja la miji miwili. Upande wa mashariki ni Busia ya Kenya, upande wa magharibi ni Busia ya Uganda, na kati yao pana kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. Ukielekea kaskazini utafika Malaba, na ng'ambo yake Tororo, mji unaojulikana kwa mwamba wake mkubwa unaoonekana kutoka mbali. Ukielekea kusini, ardhi inateremka taratibu mpaka ziwani. Huko utakuta Majanji upande wa Uganda, na Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya. Mto Sio, ambao sehemu yake ya chini ndiyo mpaka wenyewe, humwaga maji yake katika Ghuba ya Berkeley, na mbele ya ghuba hiyo vimetawanyika visiwa: Sumba, Mageta, Sigulu, na mbali zaidi Lolwe, kisiwa cha majabali.

Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka huu. Kandokando yao wako Wanyala, Waluo na Wasoga. Na ukipanda kuelekea Tororo utakutana na Wajopadhola na Wateso. Samaki mmoja hubadilika jina kila anapovuka mpaka. Yule ambaye Mkenya humwita mbuta, Mganda humwita mputa, na Mtanzania humwita sangara. Dagaa wa Mtanzania ni omena kwa Mkenya na mukene kwa Mganda. Vivyo hivyo wale samaki wadogo wa rangi nyingi waitwao furu Tanzania ni fulu kwa Waluo na nkejje kwa Waganda. Katika makala haya nitatumia majina ya sangara, dagaa na furu, lakini nakusihi uyakumbuke yote. Mtu akikuambia kwamba mbuta wamepungua na mputa wamepungua, anakupa habari moja, si mbili.

Mstari uliochorwa juu ya maji

Mpaka wa Kenya na Uganda haukuwa hapo tangu jadi. Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia upande wa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye. Kisha mwaka 1926 amri ya serikali ya Uingereza ikaeleza mpaka huo kituo kwa kituo. Ziwani mstari huo hupita kwa kugusa ncha za magharibi za visiwa kadhaa, Mageta kikiwa kimojawapo, hufuata ufuo wa magharibi wa Sumba, na hatimaye huelekea katikati ya mlango wa Mto Sio.

Mstari huo ulichorwa ili kugawa utawala. Samaki hawakuulizwa. Samaki anayetaga mayai kwenye kina kifupi cha Ghuba ya Berkeley anaweza kukua upande mmoja na kuvuliwa upande wa pili. Kwa hiyo nchi mojawapo ikihesabu peke yake itapata nusu ya habari, na nusu ya habari, kama tutakavyoona, inaweza kupotosha kuliko kutokuwa na habari kabisa.

Daftari la wazee

Kabla ya watafiti kufika, wavuvi walikuwa na namna yao ya kuhesabu. Walihesabu kwa misimu. Mvua kubwa ziliponyesha na mito ya Sio na Nzoia kufurika, samaki aitwaye ningu aliacha ziwa na kupanda mtoni kwenda kutaga. Watu wa kando ya mito walijua siku zake, wakajenga nyua za matete na kutega migono. Walijua mwaka wa neema na mwaka wa njaa kwa kulinganisha yale waliyoyapata na yale waliyoyakumbuka.

Mambo mawili yalivuruga daftari hilo. La kwanza ni biashara. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa nyuzi za kitani zililetwa katika ghuba ya Kisumu kutoka Ulaya. Nyavu hizo zilisimama majini kama ukuta usioonekana, zikavua kwa usiku mmoja samaki wengi kuliko migono ya kijiji kizima. Ngege, samaki mtamu wa jamii ya perege aliyependwa kuliko wote, akawa bidhaa ya kusafirishwa kwa reli.

La pili ni ugonjwa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini maradhi ya malale, yanayoenezwa na mbung'o, yaliua watu wengi mno katika pwani ya Busoga na maeneo jirani. Serikali ya kikoloni ya Uganda ikaamuru watu wa ufuoni na visiwani wahamishwe. Waliohama waliacha makaburi na mashamba, waliacha pia ujuzi wa maji yale. Bila shaka shinikizo la uvuvi lilipungua mahali palipohamwa, na kwa namna fulani visiwa hivyo vikawa hifadhi ya samaki ambayo hakuna aliyeikusudia, iliyolipiwa kwa machozi ya binadamu.

Hesabu ya kwanza, 1927 hadi 1928

Kufikia miaka ya 1920 wavuvi walikuwa wakilalamika kwamba wavu uleule haukuleta tena samaki walewale. Serikali za kikoloni zikamleta mtaalamu wa uvuvi wa bahari kutoka Uingereza, Michael Graham, akiandamana na kijana msaidizi wake, E. B. Worthington. Mwaka 1927 na 1928 walilizunguka ziwa lote, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, wakitega nyavu zenye macho ya ukubwa mbalimbali, wakipima na kuandika walichopata.

Ripoti ya Graham ilichapishwa mwaka 1929. Ndani yake mlikuwa na mapendekezo mawili yanayotuhusu. Kwanza, nyavu za kuvulia ngege zisiwe na macho madogo kuliko inchi 5, ili samaki wachanga wapite na kupata nafasi ya kuzaa. Pili, ziwa lote liwe na mamlaka moja ya kusimamia uvuvi na kukusanya takwimu, maana ziwa ni moja.

Pendekezo la kwanza liligeuzwa kuwa sheria katika miaka ya 1930. La pili lilingoja karibu miaka ishirini. Idara ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria iliundwa mwaka 1947. Na sheria ya inchi 5 nayo haikudumu. Uganda na Tanganyika ziliiondoa mwaka 1956, Kenya ikafuata mwaka 1961. Wavuvi walihamia kwenye nyavu za macho madogo zaidi, na ngege akazidi kuwa adimu.

Yaliyompata ngege yalimpata na ningu. Watafiti walioufuatilia Mto Nzoia katika miaka ya 1950 na 1960 waliandika juu ya kudidimia kwa uvuvi wake, na wakaona kwamba ujuzi wa kutega nyua na migono ulikuwa ukififia pamoja naye. Nyavu zilizotegwa kwenye milango ya mito zilimnasa ningu akiwa njiani kwenda kuzaa. Hapa pana funzo zito: samaki akitoweka, huondoka na maneno. Kijana wa leo akisikia neno mgono, huenda akalazimika kufungua kamusi.

Jinja, Tororo na ndoto ya kuhesabu pamoja

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliunganisha huduma kadhaa za nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Miongoni mwa huduma hizo zilikuwa taasisi za utafiti. Ile ya malale iliwekwa Tororo, na ile ya samaki ikawekwa Jinja, mahali Mto Nile unapotokea ziwani. Hivyo eneo letu la mpakani likawa karibu na vituo viwili vilivyofanya kazi kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima.

Jinja walipita watafiti waliokuja kujulikana ulimwenguni, wakiwemo Rosemary Lowe, aliyechunguza maisha ya ngege na jamaa zake, na Humphry Greenwood, aliyetumia miaka mingi kutenganisha spishi za furu. Furu ni kioja cha uumbaji. Katika ziwa hili moja inakadiriwa kwamba walikuwapo spishi zipatazo 500: wengine wakila mwani, wengine konokono, wengine mayai ya wenzao, na wengi wakiishi kwenye majabali ya kisiwa kimoja au viwili tu. Kwa furu kama hao, kisiwa cha mawe ni nchi kamili, na maji ya kina kirefu yanayokizunguka ndiyo mpaka.

Katika miaka ya 1950 sangara aliingizwa ziwani humu kutoka maji mengine ya Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa kwa idhini ya serikali. Hoja ya waliomtaka ilikuwa kwamba furu ni wengi lakini wadogo, wana miiba, na bei yao ni duni. Afadhali aletwe samaki mkubwa awale furu, na binadamu amle huyo mkubwa. Wapo wanasayansi waliopinga, wakionya kwamba mwindaji huyo akishaingia hakuna atakayeweza kumtoa. Hawakusikilizwa.

Kati ya mwaka 1969 na 1971 ikafanyika hesabu kubwa ya pili. Meli ya utafiti iitwayo Ibis ilikokota wavu kwenye sakafu ya ziwa, mahali baada ya mahali, katika maji ya nchi zote tatu. Matokeo yaliandikwa na A. W. Kudhongania, Mganda, pamoja na Mmarekani A. J. Cordone. Walikuta kwamba katika kila kilo 10 za samaki wa sakafuni, kilo 8 au zaidi zilikuwa furu. Sangara walionekana kwa nadra.

Angalia sasa jinsi hesabu ileile inavyoweza kusomwa kwa macho mawili. Mtu mmoja angesema: hapa pana hazina isiyo na mfano duniani, tuitunze. Waliopanga uchumi walisema: hapa pana tani nyingi za samaki zisizotumika, tuzivue na kuzisaga. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha unga wa samaki kilijengwa Mwanza kwa nia hiyo. Takwimu, mpenzi msomaji, haziamui; watu ndio huamua.

Miaka ya kuhesabu kila mtu kivyake

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tunapofundisha tukio hilo, kwa kawaida tunataja reli, ndege na posta. Mara chache tunakumbuka kwamba taasisi ya samaki ya Jinja nayo iligawanyika. Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi mwaka 1979, Tanzania ikaunda yake mwaka 1980, na Uganda ikabaki na majengo ya Jinja katika kipindi kigumu cha vita na uhaba.

Wakati huohuo, chini ya maji, ziwa lilikuwa likipinduka. Sangara, aliyekuwa mgeni adimu, aliongezeka kwa kasi ya ajabu, kwanza upande wa Kenya na Uganda, kisha Tanzania. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa chembe tu katika samaki waliofikishwa nchi kavu Kenya. Kufikia mwaka 1983 alikuwa zaidi ya nusu. Furu wakaporomoka. Mwaka 1992 wanasayansi walikadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilikuwa zimetoweka. Sangara hakuwa sababu pekee: maji yalikuwa yakichafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani, mwani ukastawi, na hewa ikapungua katika maji ya kina. Lakini sehemu yake ilikuwa kubwa.

Haikuwa kwamba hakuna aliyeandika lolote. Watafiti wa Kenya walihesabu katika ghuba ya Kisumu, na Waholanzi wakishirikiana na Watanzania walihesabu katika ghuba ya Mwanza. Kilichokosekana ni daftari la pamoja. Ziwa lilibadilika kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote unaojulikana, na kipindi hicho ndicho majirani walichokuwa hawahesabu pamoja. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote katika makala haya. Kuvunjika kwa ushirikiano hakuishii kwenye vikao vya marais. Huzama hadi kwenye vilindi vya ziwa.

Kuhesabu kwa sauti

Ushirikiano ulirudi hatua kwa hatua. Tarehe 30 Juni 1994, mjini Kisumu, nchi tatu zilitia saini mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo makao yake makuu yako Jinja. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Na mwaka huohuo wa 1999 ilianza namna mpya ya kuhesabu samaki, ambayo ndiyo jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu.

Samaki huhesabiwa kwa sauti. Meli hubeba chombo kinachotuma mlio chini ya maji, mlio ambao sikio la binadamu haliusikii. Mlio ukigonga samaki, hasa kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwake, hurudi kama mwangwi. Sangara mkubwa hurudisha mwangwi wa peke yake, wa nguvu; kundi la dagaa huonekana kama wingu. Meli hukata ziwa kwa mistari iliyopangwa, siku baada ya siku, bila kujali mpaka, na mara kwa mara hukokota wavu ili kuhakikisha ni samaki gani hasa wanaosikika. Kisha wataalamu hupiga hesabu: ikiwa katika eneo lililopimwa wamepatikana samaki kiasi fulani, katika ziwa zima watakuwa kiasi gani?

Mwongo wa kwanza wa hesabu hizo ulionyesha jambo la kushangaza. Uzito wa samaki wote ziwani, takriban tani milioni 2, haukubadilika sana. Kilichobadilika ni nani aliye miongoni mwao: sangara walipungua, dagaa wakaongezeka. Mtu aliyetazama jumla pekee angelala usingizi mzuri. Mtu aliyetazama ndani ya jumla angeona kwamba samaki anayelisha viwanda na masoko ya ng'ambo anaponyoka, na kwamba chakula cha wengi sasa kinategemea samaki mdogo kuliko wote, yule anayevuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa juani, ambaye akina mama wachuuzi humuuza kwa mikebe katika masoko ya pande zote mbili za mpaka.

Lakini sauti nayo ina upofu wake. Chombo hakisikii vizuri samaki walio karibu sana na uso wa maji, wala waliojilaza sakafuni. Na meli kubwa haiwezi kuingia penye kina kifupi, penye mafunjo, wala penye majabali. Yaani mlango wa Mto Sio, kingo za Ghuba ya Berkeley, na miamba inayovizunguka visiwa kama Lolwe ni mahali pagumu kupimika kwa njia hii. Na ndipo samaki wengi wanapotaga na kukulia. Ndipo pia mvuvi mnyonge, asiye na injini, anapotega nyavu zake. Huko hesabu hurudi kwenye mbinu za kale: kutega nyavu za macho mbalimbali kama alivyofanya Graham, na kumuuliza mvuvi.

Kuhesabu watu

Fauka ya samaki, huhesabiwa pia wavuvi. Tangu mwaka 2000 nchi tatu zimekuwa na utaratibu wa kufanya sensa ya uvuvi takriban kila baada ya miaka miwili, zikipita mwalo kwa mwalo, kisiwa kwa kisiwa, kuandika idadi ya mitumbwi, injini, nyavu na ndoana. Sensa ya kwanza ilikuta wavuvi wapatao 129,000 na vyombo zaidi ya 42,000. Kufikia katikati ya mwongo uliofuatia ule wa kwanza, wavuvi walikuwa wamepita 200,000. Ziwa halikuongezeka hata hatua moja.

Sensa ya aina hii hutegemea kitu kisichouzwa dukani, yaani uaminifu. Mvuvi anayeulizwa "Una nyavu ngapi, na macho yake ni inchi ngapi?" lazima ajue kwamba jibu lake halitakuwa kitanzi chake. Ndiyo maana ilikuwa na maana kubwa pale nchi hizi zilipounda vikundi vya wananchi vya kusimamia mialo, ambamo wavuvi, wachuuzi na wenye mitumbwi walichagua viongozi wao na kusaidia kuweka kumbukumbu. Upande wa Uganda vikundi hivyo vilisimamishwa mwaka 2015, na mwaka 2017 wanajeshi wakapelekwa ziwani kutekeleza sheria za uvuvi. Wapo wanaosema kwamba hatua hiyo iliokoa samaki wachanga. Wapo wanaolalamika kwamba iliwaumiza maskini. Sitawaamulia wasomaji wangu. Ninasema tu kwamba mtu anayeulizwa na jirani yake mwenye daftari, na mtu anayeulizwa na mgeni mwenye bunduki, hawatatoa jibu moja.

Mpaka nao huongeza hofu. Mgogoro wa Migingo, kisiwa kidogo cha mwamba kusini mwa visiwa vyetu, uliwafanya Wakenya na Waganda wapeleke wapima ardhi wa pamoja mwaka 2009 kutafuta ulipo mstari wa 1926. Walipima jiwe. Kilichowapeleka watu kwenye jiwe hilo, hata hivyo, kilikuwa samaki walioko majini karibu nalo.

Walionusurika

Isidhaniwe kwamba kila kitu kimepotea. Si mbali na Port Victoria, ng'ambo ya kinamasi cha Yala katika kaunti jirani ya Siaya, kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli. Mafunjo yamelizingira, na sangara hakulitawala. Humo watafiti walimkuta ngege wa asili, yuleyule aliyekuwa fahari ya meza za babu zetu, pamoja na baadhi ya furu. Vivyo hivyo majabali ya visiwa yamewaficha furu wengine, kwa kuwa sangara mkubwa hawezi kuingia katika nyufa za mawe. Mafunjo na mawe vimefanya kazi ya hifadhi, mara nyingi bila bango wala askari.

Lakini kinamasi kinaweza kukaushwa kwa kilimo, na mwalo mpya unaweza kujengwa juu ya mazalio. Hifadhi ambayo haijahesabiwa ni rahisi kuipoteza, kwa sababu siku itakapotoweka hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba ilikuwepo.

Haki ya kusoma daftari

Tumerudi kwenye methali yetu. Daftari sasa lipo, na limejaa miaka mingi ya tarakimu. Swali lililobaki ni nani anayelisoma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatoa haki kama hiyo katika ibara ya 41. Kwa hiyo mvuvi wa Majanji na mchuuzi wa Sio Port wanapouliza "Hesabu ya mwaka huu inasemaje kuhusu ghuba yetu?" hawaombi fadhila. Wanadai kilicho chao.

Lakini haki ya kupata habari hudhoofika ikiwa habari yenyewe imeandikwa kwa lugha ambayo mwenye haki haielewi. Ripoti za kitaalamu za ziwa hili aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Msamia, Mluo, Msoga na Mtanzania wanapokutana mwaloni, lugha inayowakutanisha mara nyingi ni Kiswahili. Kenya imekitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Katiba ya Uganda inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Kutambuliwa ni hatua. Kutumika ni hatua nyingine.

Hapa ndipo ninapokutazama wewe, mwanafunzi wa Kiswahili. Ukijifunza maneno kama mwangwi, mazalio na kadirio, usidhani kwamba ni ya mtihani tu. Siku moja huenda ukawa ndiwe unayesimama baina ya meza ya mtaalamu na mtumbwi wa mvuvi, ukitafsiri tarakimu ziwe maneno, na malalamiko yawe tarakimu. Na yule mwanafunzi wangu, sasa nina jibu kwake. Samaki wa mpakani huhesabiwa kwa wavu, kwa mwangwi na kwa kumuuliza mvuvi. Na hesabu hiyo hukamilika pale tu majirani wanapohesabu pamoja na kuambiana ukweli.

Msamiati

Kadirio: kiasi kinachofikiriwa kwa hesabu bila kupimwa chote.
Macho ya wavu: matundu yaliyo kati ya nyuzi za wavu.
Malale: ugonjwa wa usingizi uenezwao na mbung'o.
Mazalio: mahali samaki wanapotaga na kuzaliana.
Mgono: mtego wa samaki uliosukwa kama kikapu kirefu.
Mwalo (wingi: mialo): mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa.
Mwangwi: sauti inayorudi baada ya kugonga kitu.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza kwa nini hesabu ya nchi moja pekee haitoshi katika ziwa linalomilikiwa na nchi tatu.
2. Hesabu ya miaka ya 1969 hadi 1971 ilisomwa kwa namna gani na wapangaji wa uchumi? Wewe ungeisomaje?
3. Muulize mzee au mvuvi mmoja unayemfahamu akutajie samaki ambaye siku hizi haonekani. Andika jina lake katika lugha ya nyumbani na katika Kiswahili, kisha tunga aya moja juu yake.